Kozi Isiyo na Mwenyewe

Vyuo vikuu vyetu vya umma vimo katika msimu wa kupitia mitaala. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inagharimiwa na mradi wa HEET, ule wa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia ulioanza mwaka 2021, na kila idara imetakiwa ieleze kozi zake zinamfaa nini mhitimu. Mimi ni mmoja wa walioombwa kutoa maoni kuhusu rasimu ya chuo kimojawapo, kwa kuwa niliwahi kufundisha huko. Rasimu ni nene na imeandaliwa kwa bidii. Nilipofika kwenye orodha ya kozi zinazopendekezwa kufutwa, ya kwanza kabisa ilikuwa kozi mtambuka ya sayansi asilia, ile inayowaketisha wanafunzi wa kemia, fizikia, biolojia na jiolojia darasa moja kwa muhula mzima. Sababu imeandikwa kwa maneno matatu: haina idara mama.

Maneno hayo ni ya kweli. Kozi hiyo haina mkuu wa idara wa kuitetea kwenye kikao, haina fungu la fedha, wala haina mwalimu anayeamka asubuhi akijua ni yake. Ila kabla sijaandika maoni yangu nimejikuta nikirudi nyuma, kwenye maji na samaki na meno ya watoto, kutafuta niliyajulia wapi hasa mambo ninayoyajua kuhusu elimu ya namna hii.

Nilisoma sayansi chuoni katikati ya miaka ya 1990. Nilitoka kidato cha sita na kombi ya PCB, nikachukua kemia na biolojia. Usiku tulikaa kwenye vimbweta tukipiga msuli, wa kemia ya kikaboni upande huu, wa ikolojia upande ule. Hofu yetu ilikuwa sapu, na juu ya hofu zote kudisko. Katika mwaka mmoja nilifundishwa maji mara tatu: kwenye kemia kama kiyeyusho, kwenye biolojia kama makazi ya viumbe, na kwenye kozi ya hiari ya jiolojia kama kitu kinachokula miamba. Nilifaulu maji yote matatu. Hakuna aliyenidokeza kwamba ni maji yale yale, na mimi mwenyewe sikuwa na sababu ya kuuliza, maana mtihani haukuuliza.

Likizo moja tukapelekwa Mwanza kwa mafunzo kwa vitendo. Kazi yetu ilikuwa kupima samaki: urefu, uzito, na kuangalia tumboni wamekula nini. Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lilikuwa limeshapinduka. Sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa ameongezeka kwa kishindo katika miaka ya 1980, na furu, samaki wadogo wa mamia ya spishi ambazo nyingi hazipatikani kwingine duniani, walikuwa wanatoweka. Kwenye madaftari yetu jambo hilo lilichorwa kwa mshale mmoja: sangara anamla furu, furu anakwisha. Biolojia tupu.

Mwaloni tulimkuta mzee mmoja akishona wavu. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba, kisha akatuuliza tunapima nini. Tulipomweleza akacheka kidogo.

“Wanangu, furu tulimwanika juani, jua likamkausha bure. Huyu sangara ana mafuta, jua halimwezi. Yeye anataka moshi. Moshi unataka kuni. Tazameni vile vilima.”

Tukavitazama vile vilima. Vilikuwa vimenyolewa. Mvua ikinyesha hapo udongo unateremka ziwani, na pamoja na udongo inateremka fosforasi. Mwalimu aliyetuongoza alikuwa mtaalamu wa samaki, na vilima havikuwa kwenye mwongozo wake wa safari, lakini alikuwa mtu mwungwana: jioni ile aliahirisha ripoti, akatuacha tubishane. Aliyekuwa na kemia kichwani akaeleza jinsi fosforasi inavyolisha mwani mdogo usioonekana kwa jicho, mwani ukifa ukazama, na bakteria wanaouozesha wakamaliza oksijeni ya chini. Aliyesoma jiografia akasema fosforasi haiji kwa mito peke yake. Vumbi na majivu ya mashamba yanayochomwa huangukia ziwani kutoka angani. Ilipofika saa nne usiku ule mshale mmoja wa daftari ulikuwa umekuwa mishale ambayo karatasi haikutosha.

Kilichobaki nilikisoma baadaye. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao juu ya furu wa ziwa hilohilo. Jike la furu huchagua dume kwa rangi. Spishi moja dume lake ni jekundu, jirani yake dume lake ni la buluu. Maji yakiwa maangavu, mwanga wa rangi zote hupenya kiasi cha kutosha na jike hapotei. Maji yakichafuka, mwanga wa buluu humezwa kwanza, hubaki utepe mwembamba wa manjano na wekundu, rangi za madume zinafifia, na spishi zilizokaa pamoja bila kuchanganyika zinaanza kuzaliana kama spishi moja. Furu basi hawakuliwa tu. Wengine walipotezana gizani.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sijaliacha. Kusema kwamba kila kitu kinahusiana na kila kitu ni kauli rahisi, na watu wengi wanaotetea kozi mtambuka huishia hapo. Mzee wa mwaloni hakusema hivyo. Alisema mafuta, jua, moshi, kuni, vilima: kiungo baada ya kiungo, na kila kimoja unaweza kukipima. Kati ya kuni za mvuvi na macho ya jike la furu kuna fizikia ya mwanga, kemia ya udongo na biolojia ya uzazi, na ukikosa kipande kimoja mnyororo wote unakatika. Kozi inayostahili jina hilo ni ile inayomdai mwanafunzi aonyeshe kila kiungo.

Nitaje pia magugu maji, kwa ufupi. Siku zile yalikuwa yamefunika ghuba na bandari, boti zilikwama. Baadaye wakaachiwa wadudu wa jamii ya fukusi wanaokula magugu hayo, na kufikia mwisho wa muongo magugu yakapungua sana. Wanabiolojia wakasema ni wadudu. Wataalamu wa hali ya hewa wakasema El Niño ya 1997 na 1998 ilileta mawingu, mawimbi na mafuriko yaliyoyavunjavunja. Mpaka leo ubishi huo haujaisha, nami naupenda kuutumia darasani kwa sababu hauna upande wa wajinga.

Baada ya kuhitimu nilipangiwa kufundisha sekondari moja Arumeru, chini ya Mlima Meru. Mgeni yeyote huko huona meno kwanza. Watoto wengi wana meno ya kahawia, mengine yamemomonyoka, na huku Pwani wenzao wakiwaona huwatania bila huruma. Kidato cha pili nilikuwa na binti aliyecheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. Siku nilipofundisha halojeni nikaeleza, kwa fahari ya mwalimu mpya, kuwa maji ya volkano yana floraidi nyingi na ndiyo inayoharibu meno. Binti akanyoosha mkono.

“Mwalimu, mbona dawa ya meno dukani wameandika ina floraidi?”

Swali hilo haliwezi kujibiwa na mwalimu wa kemia peke yake. Kemia inajua kwamba floraidi hujipachika kwenye madini ya jino. Biolojia ndiyo inayojua kuwa jino hutengenezwa utotoni, ndani ya fizi, na kwamba floraidi ikizidi katika miaka hiyo enameli hutoka na dosari, ilhali mtu mzima aliyekuja na meno yake kamili, meno hayo hayapotezi rangi kwa maji hayo hayo, ingawa mifupa yake inaweza kuumia akiyanywa miaka mingi. Halafu kuna kipimo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita; Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 kwenye maji ya vijijini, kwa sababu watu hawakuwa na maji mengine ya kunywa. Hiyo tena si sayansi ya maabara, ni uamuzi wa serikali uliofanywa kwa macho makavu.

Nikadhani nimemaliza. Jumamosi moja nikaalikwa nyumbani kwa mwanafunzi mwingine, nikamkuta bibi yake jikoni akipika makande. Kabla ya kufunika chungu chake akamega kipande cheupe akakitumbukiza. Magadi. Nikamwambia kwa adabu kwamba magadi nayo yana floraidi, mengine nyingi sana, inategemea yamechotwa wapi.

“Sawa, mwalimu,” akasema. “Basi ukinikataza magadi uniletee na kuni.”

Alikuwa sahihi kuliko kitabu changu. Magadi hulainisha maharage upesi kwa sababu sodiamu inachukua nafasi ya kalsiamu iliyoshikilia kuta za seli, na chungu kinachoiva upesi hakili kuni nyingi. Bibi alikuwa anaokoa mlima kwa gharama ya meno ya wajukuu, na hakuna aliyewahi kumwekea hesabu zote mbili mezani. Mtaalamu wa meno angempa moja, bwana misitu nyingine. Tangu siku ile nikaanza kuandaa masomo yangu kuanzia jikoni kwenda kwenye jedwali la elementi, na darasa likawa na kelele zaidi.

Miaka kadhaa baadaye, baada ya shahada ya pili, niliajiriwa na chuo kimoja cha mikoani, na kwa kuwa nilikuwa mgeni nikapewa kozi ambayo wenyeji hawakuitaka. Ndiyo hii. Wakati ule iligawanywa kwa wiki: wiki za kwanza za fizikia, zinazofuata za kemia, kisha biolojia, na jiolojia ikamalizia. Kila mwalimu alikuja na nondo zake za mwaka wa kwanza zilizofupishwa, akafundisha, akaondoka. Ilikuwa kama basi ambalo madereva wanapokezana usukani bila kuulizana linakwenda wapi. Mtihani ulikuwa na sehemu nne, kila sehemu inasahihishwa na idara yake. Wanafunzi wakagundua kuwa ukidesa sehemu mbili vizuri umepita, na mtu mwenye akili zake angefanya vipi tofauti? Karatasi ya chuo iliiita kozi ya pamoja. Kilichokuwa cha pamoja ni ukumbi.

Kwa bahati kulikuwa na mwalimu wa jiolojia, mbishi wa asili, aliyekuwa amechoshwa na hali hiyo kama mimi. Tukaomba tuifundishe sisi wawili, tukiwa darasani kwa wakati mmoja, muhula mzima, juu ya jambo moja: maji ya Arumeru. Siku ya kwanza tulileta ndoo. Ndani yake kulikuwa na maji ya chemchemi, maangavu kabisa, na swali likawa moja tu: je, mtoto anywe?

Wiki ya tatu hivi ndipo kozi ilipopata uhai, na haikuwa kwa mpango wetu. Mwanafunzi aliuliza kwa nini chemchemi mbili zilizo umbali wa kutembea kwa miguu zina floraidi tofauti kabisa. Mwenzangu akasema ni mwamba: moja inapita kwenye majivu ya volkano yenye floraidi, nyingine haipiti. Mimi nikasema mwamba peke yake hautoshi; maji yenye kalsiamu nyingi huishusha floraidi chini kama chumvi isiyoyeyuka, na maji yetu ya volkano yana sodiamu tele na kalsiamu haba, kwa hiyo floraidi inabaki ikielea. Akanikatalia. Nikamkatalia. Ukumbi ukaamka. Wanafunzi hawakuwahi kuona walimu wawili wakipingana hadharani kwa takwimu, bila kutukanana, na mwisho wakatuma timu yao kupima kalsiamu. Ikaonekana kila mmoja wetu alikuwa ameshika kipande. Sijui kama kuna mhadhara ningeweza kuutoa juu ya namna sayansi inavyofanya kazi ukaushinda ule ugomvi.

Kisha tukafika kwenye tiba. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko huko Arumeru, kimefanya kazi miaka mingi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng’ombe. Mifupa inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa, na maji yanapitishwa humo. Wanafunzi wa fizikia ndio waliolishika suala la tanuri: joto likiwa dogo mkaa unanuka na maji yanaharibika ladha, likizidi mno madini yanabadilika na uwezo wa kunasa floraidi unapungua. Wa kemia wakaeleza kinachotokea ndani: fosfati ya kalsiamu ya mfupa inaachia haidroksili na kupokea floraidi. Ukumbi ukawa kimya kidogo, halafu binti wa biolojia akasema polepole kwamba hilo ndilo linalotokea mwilini. Mfupa ndani ya mtoto unanasa floraidi ukaumia. Mfupa wa ng’ombe ndani ya chujio unanasa floraidi ile ile, mtoto akapona. Ugonjwa na dawa vina mlinganyo mmoja wa kemia. Nilikuwa nimeijua kemia hiyo miaka yote, na sikuwa nimewahi kuisikia ikisemwa hivyo.

Kijana mmoja nyuma akauliza: “Mwalimu, mifupa hiyo ni ya mnyama gani, na kachinjwa vipi?”

Wachache walicheka. Mwenzangu wa jiolojia akawanyamazisha, akaliandika swali ubaoni. Chujio ambalo Mwislamu au Mhindu hatalitumia halichuji kitu, hata kama kwenye maabara limefaulu kwa asilimia mia. Swali hilo liliingia kwenye mtihani wa mwisho, na majibu bora yalitoka kwa wanafunzi ambao siku zote walikuwa wa katikati.

Mhitimu wa namna hiyo anahitajika, na mifano ipo. Mhandisi Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, aliyekulia Karatu, alibuni chujio linalochanganya mchanga wa kawaida na nyenzo za nano, chujio linaloweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kemia aliisomea sana. Lakini kilichomfanya ayashughulikie maji ni kijiji alichotoka.

Kozi yetu haikudumu. Wanafunzi hawakuilalamikia, na hakuna mtu aliyeipinga. Ilikufa kwa mzigo wa kufundisha. Kwenye fomu ya chuo, saa moja yenye walimu wawili ilihesabiwa nusu kwa kila mmoja, na anayetaka kupandishwa cheo anahitaji saa kamili kwenye idara yake. Mwenzangu alikuwa na familia na ndoto ya uprofesa kama mtu mwingine yeyote. Akarudi kwenye miamba yake. Fedha za basi la kwenda Arumeru nazo zikakosa fungu, kwa kuwa kila idara iliona ni safari ya idara nyingine. Kozi ikarudia wiki zake nne nne.

Ndiyo maana maneno ya rasimu, kwamba haina idara mama, nayasoma kinyume na walioyaandika. Wao wameona sababu ya kufuta. Mimi naona ugonjwa unaotibika, na tiba yake tulishawahi kuitumia nchini humu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kilianza kuwafundisha wanafunzi wa fani zote kozi ya pamoja kuhusu jamii na maendeleo. Wazo lile lingeweza kufa kama yetu. Halikufa kwa sababu lilipewa mwenyewe: mwaka 1973 ikaanzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, ikawa na walimu wake, fungu lake na mkurugenzi wake, na hadi leo mwanafunzi wa uhandisi anakutana na kozi hiyo, DS kwa kifupi, atake asitake. Tunaweza kubishana kama DS inafundishwa vizuri. Hatuwezi kubishana kwamba ipo. Nusu karne tumemlazimisha mwanafizikia ajue maendeleo, wala hatujawahi kuona haja ya kumlazimisha ajue jino.

Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilipoanzisha kozi ya sayansi kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwaka 2004, hakikuiachia idara yoyote. Kiliitia kwenye mpango wake wa masomo ya lazima, mpango wenye mizizi tangu 1919, na kikaajiri wanasayansi vijana mahsusi kuifundisha katika vikundi vidogo. Hilo ndilo la kuiga. Majengo na fedha zao tuwaachie wenyewe.

Yapo mapingamizi, na moja nalikubali. Profesa mmoja wa fizikia ninayemheshimu aliniambia kwamba mshika mbili moja humponyoka: mpe kijana mambo mengi atatoka na maneno mengi, hajui kukokotoa. Amesema kweli kuhusu kozi nyingi nilizoziona. Mwanafunzi asiyejua msawazo wa kemikali hawezi kufuata habari ya kalsiamu na floraidi. Atakariri hadithi tu. Kwa hiyo mahali pake si mwaka wa kwanza, na hapo hata Columbia sikubaliani nao. Iwe mwaka wa pili muhula wa pili, au mwaka wa tatu, kijana akiwa tayari ana chake mkononi cha kuleta mezani. Tena iwe moja, ya jambo moja. Anayetaka kuweka tabianchi, magonjwa, nishati na madini kwenye muhula mmoja arudi kwenye madereva wanaopokezana.

Na jambo hilo lichaguliwe karibu na chuo. Miaka michache iliyopita nilikuwa Jambiani, Unguja, kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilishika kasi visiwani mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya kazi ndefu ya watafiti akiwemo Profesa Keto Mshigeni wa Dar es Salaam. Wakulima wengi ni wanawake. Mama mmoja alinionyesha kamba zilizobaki tupu: kotoni, mwani wenye bei nzuri, unaoza maji ya pwani yakipata joto, na sasa wengi wamebakia na spinosamu wenye bei ndogo. Suluhisho analijua, ni kupeleka kotoni kwenye kina kirefu ambako maji ni baridi zaidi. “Lakini mwanangu,” akasema, “sisi kuogelea hatukufundishwa, na ngalawa ni ya bwana.” Joto la bahari, ugonjwa wa mwani, bei ya karajinani itokanayo na mwani huko Ulaya, na nani mwenye ngalawa. Chuo chochote cha visiwani kina kozi nzima hapo, bure, kwa umbali wa nauli ya daladala. Mwalimu mmoja wa kuianza hatoshi, na wawili mfumo unawahesabu nusu nusu.

Kuhusu hesabu hiyo nina neno la mwisho kwa kamati ya mitaala. Msiseme sheria inawabana. Mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania unahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ya mwanafunzi. Walimu wawili wakisimama mbele yake, saa zake hazipungui hata dakika. Kugawa saa ya mwalimu nusu kwa nusu ni desturi ya fomu zetu wenyewe, na fomu hubadilishwa na kikao kimoja cha seneti. Ombi langu basi ni dogo: msiifute kozi hiyo mwaka huu. Ipeni mratibu mwenye fungu, hata kama ni dogo la basi moja. Andikeni kwenye kanuni kwamba saa ya walimu wawili ni saa kamili kwa kila mmoja. Idara nne zitunge mtihani mmoja wenye swali moja. Mkiyafanya hayo na ikashindwa, nitatia saini ya kuifuta mimi mwenyewe.

Na wewe msomaji, hasa mwenye mtoto chuoni au unayeajiri wahitimu: vyuo vinatakiwa kukusanya maoni ya wadau kabla mtaala mpya haujapitishwa. Wadau ni pamoja na wewe. Nenda, na uulize kozi ya pamoja ni ya nani.